Kukubali ofa sio kuacha kungoja, jamani

Wiki hii tena. Kijana wa klaringi pale bandarini, ana ofa ya MBA, shahada ya pili ya biashara, ya mwaka mmoja Uingereza, mwisho wa kulipa dipoziti Ijumaa, anakaa ofisini kwangu ninaposhauri waombaji wa vyuo vya nje, anasema "Dada, naona hii niiache tu, ningojee London Business School, si subira yavuta heri". Nikamuuliza London wanajibu lini. Hajui! Mdogo wangu, hilo halihitaji ramli, vyuo hivi karibu vyote vinaenda kwa raundi, ukiomba Septemba jibu Disemba, ukiomba Januari jibu Machi au Aprili, na tarehe wameziandika wenyewe kwenye tovuti.

Ngoja niliseme hapa ili nisilirudie kwa kila mtu anayepanda ngazi hizi. Watu wa Tanga, na sio Tanga peke yake, mnaongea kana kwamba ukisema ndiyo huku basi kule umeshajifuta. Sio hivyo. Dipoziti ni kishika uchumba tu, bado hujaoa, ukighairi unapoteza hicho kishika uchumba na kila mtu anaendelea na maisha yake. Zipo raundi za kujifunga kweli, kama ile ya mapema ya Fuqua, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lakini hizo unaambiwa kabla hujaomba na unakubali mwenyewe. Nyingine soma barua ya ofa, yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini, maana wachache wanakutaka ujitoe kwingine.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili, hiyo hela naweza kuipoteza bila kuuza kiwanja? Tuseme dipoziti ni pauni 2,000. Kama kuzipoteza kutakulaza macho mwaka mzima usilipe, ila ujue umeamua kwa sababu ya hela, usiniambie subira. Kama unazimudu, lipa ungoje kwa raha zako.

Na kabla hujalipa, omba uongezewe muda. Hapa ndipo naishiwa nguvu kabisa, kwa sababu watu wazima wenye vyeo, wanaobishana na TRA kila siku, wanaogopa kuandika imeili ya mistari minne. Unaandika hivi: nimefurahi sana na ofa yenu, kuna chuo kingine kinatoa majibu tarehe fulani, naomba wiki mbili za ziada ili nikishakubali nisiyumbe. Mwisho. Wakikataa wamekataa, sijawahi kuona mtu kanyang'anywa ofa kwa kuuliza kistaarabu. Ila usitunge uongo, usiseme una skolashipu kwingine ili nao wakuongezee hela wakati huna, wataomba barua. Na hata ukiwa nayo sio kila pahali inakusaidia, Harvard kwa mfano wanatoa msaada kwa kuangalia hali yako ya kifedha, barua ya mshindani wao haiwatishi.

Chevening sasa, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza. Mtu anaiacha ofa yake "anasubiri Chevening kwanza". Chevening wenyewe ndio wanaotaka uwe na ofa! Majibu yao yanatoka Juni, na unatakiwa uwe umeshaleta ofa isiyo na masharti muda mfupi baada ya hapo, ukikosa ofa skolashipu imekwenda na maji. Halafu wanalipia kozi ya mwaka mmoja, na MBA ya kawaida ya London Business School ni miezi 15 kwenda juu. Yule kijana alikuwa anataka vyote viwili pamoja, nikabaki namtazama.

Kinachokuua kwenye kungoja ni kalenda ya viza, chuo chenyewe wala sio tatizo. Uingereza wanataka hela ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, salio lisishuke chini ya kiwango hata siku moja. Sasa huku kwetu shangazi anakuingizia hela Jumatatu, Alhamisi anaiomba arudishiwe kidogo afuate mzigo Kariakoo, umeanza kuhesabu upya. Weka na kipimo cha kifua kikuu, kinafanyika Dar, na CAS, uthibitisho wa chuo unaoombea viza, ambao hakikutumii mpaka dipoziti imeingia. Mtu aliyengoja orodha ya akiba mpaka Julai mwishoni akitegemea darasa la Septemba, haya yote anayafanya saa ngapi? Anayeomba INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, ana nafuu, wanaingiza watu mara mbili kwa mwaka. Marekani leo siigusi, viza yao kwa Mtanzania siku hizi ni mada ya peke yake.

Lipo jambo ambalo nalisema kwa wateja lakini halijanikaa vizuri moyoni. Ukishika nafasi ukijua huenda utaiachia, kuna mtu yuko kwenye orodha ya akiba ya chuo hicho hicho, pengine naye yuko Makorora hapa Tanga au Mombasa, na hela ya shangazi wake nayo inahesabiwa siku. Vyuo vinalijua hili, vinatoa ofa nyingi kuliko viti, dipoziti yenyewe imewekwa kwa ajili hiyo. Najiambia hivyo. Kuna siku inaniingia, kuna siku naona tu ni maneno ya mtu anayelipwa kukushauri.

Basi angalau ukishaamua, waandikie unaowaacha siku hiyo hiyo, usingoje waulize. Mistari miwili inatosha, asante na samahani. Na usinitumie voisi noti ya dakika saba saa tano usiku kuniuliza uanze na Sir au Madam, jina la mtu liko pale chini ya imeili yao.