Grafu ya bei za korosho: kuchora mistari iliyokatika kwenye Python

Msimu ukishaanza huku Mtwara, Oktoba hivi, simu yangu haitulii, meseji za bei za mnada tu, na mimi ndo nawachorea wenzangu wa chama cha msingi grafu tunabandika ukutani ghalani. Mwanzo nilikua natumia plt.plot kama kila mtu (plt ni kifupi cha matplotlib.pyplot, maktaba ya Python ya kuchora grafu), mistari inaungana vizuri, nikaona safi. Siku moja mzee mmoja kutoka Newala akaisogelea, akaweka kidole katikati ya mteremko, "Mwanangu, bei hii ya hapa ilikua lini?" Tuseme mnada huu 3,100 na unaofuata 2,800, kidole chake kimegota 2,950. Haikuwepo siku hata moja korosho kuuzwa 2,950! Mtu magunia yake yako ndani bado hayajauzwa, mimi namuonyesha bei ambayo haijawahi kutajwa na mnunuzi yeyote. Iliniuma.

Tangu hapo kila mnada una kipande chake kilicholala, kinaanzia siku mzigo ulipoanza kupokelewa, kinaishia siku ya mnada, basi kinakatika. Kazi yote inafanywa na mstari mmoja:

plt.hlines(bei, mwanzo, mwisho, linewidth=4)

Hizo ni orodha tatu zenye urefu sawa, hamna haja ya loop, na tarehe za datetime inazipokea bila shida.

Wengi wanachanganya hii na axhline. Ile xmin na xmax zake (mwanzo na mwisho wa mstari) sio tarehe, ni sehemu ya upana wa grafu, kuanzia 0 mpaka 1, yani ukiweka 0.5 mstari unaanzia katikati hata data zako ziwe za mwezi gani, na uki-zoom ncha zake hazisogei. Inafaa kwa bei elekezi inayokata grafu nzima, sio kwa mnada.

Kama lazima utumie plot, weka np.nan (alama ya numpy ya "hapa hamna namba") kwenye bei kila kipande kinapoisha (tarehe rudia ile ya mwisho), ikikutana na nan inanyanyua kalamu. Ila angalia ncha: plot ikiwa na mstari mnene inazidisha kidogo kila upande, nusu ya unene wake, kwaiyo vipande viwili vilivyokaribiana vinaonekana vimegusana wakati havijagusana, ongeza solid_capstyle='butt' vitakatwa pale pale. hlines haina hilo tatizo, ndo maana naipenda.

Mnada ukitoa bei ya juu na bei ya chini naita hlines mara mbili, tarehe zile zile, rangi tofauti. Na wiki ambayo wakulima wameikataa bei, siweki kitu kwenye orodha. Panabaki peupe, na kila anayeingia ghalani anajua ile ni wiki gani.