Je, wajua? Hadithi ya video yenye njia 1,024 inaweza kutengenezwa kwa vipande 31 tu

Kijana wa Kiboriloni amechelewa, na basi la Arusha linaondoka stendi ya Moshi muda si mrefu. Anatazama saa yake. Kwenye skrini ya simu yanatokea maandishi mawili: "Panda daladala" na "Chukua bodaboda". Anayetazama anagusa moja, na hadithi inafuata uamuzi wake. Baada ya chaguo kumi za namna hiyo lazima ujiulize: waandaaji wake walirekodi video ngapi?

Wengi hujibu kwamba walirekodi zote. Kila uamuzi unazaa hadithi mbili, na kila moja inazaa nyingine mbili, basi waandaaji watakuwa na fedha nyingi au subira isiyo ya kawaida. Tufanye hesabu. Kipande cha mwanzo ni 1. Kinafuatwa na 2, halafu 4, 8, 16, hivyo hivyo hadi uamuzi wa kumi unaoleta miisho 1,024. Jumla ni vipande 2,047. Kila kimoja kikiwa cha dakika moja, hizo ni saa 34 za video iliyokwisha kuhaririwa, ilhali mtazamaji mmoja ataona dakika 11 tu. Kikundi cha vijana wenye kamera moja hakiwezi kubeba mzigo huo, na studio kubwa yenye fedha isingekubali kuulipia. Imani hii ina madhara kwa sababu inakatisha tamaa. Mtu anachora mti wa hadithi yake, anaona matawi yamejaa ukurasa kabla hajafika uamuzi wa tano, anaahirisha kazi yote. Lakini hadithi hizi hazijengwi kama mti.

Matawi hukutana tena. Mtu wa Moshi anaweza kulielewa hili kwa kufikiria Mlima Kilimanjaro. Mmoja anaanzia geti la Machame, mwingine Lemosho, wa tatu Umbwe. Siku za mwanzo kila mmoja anaona msitu wake na kulala kambi yake. Wakifika upande wa Barranco njia zao zinaungana, wanapita Karanga na Barafu, na usiku wa kilele wanatokea Stella Point, ukingoni mwa kreta. Aliyepitia Marangu au Rongai anatokea kwanza Gilman's Point, anafuata ukingo wa kreta, naye anapita Stella Point kabla ya Uhuru, mita 5,895. (Wachache wanaopanda kwa Western Breach hawapiti hapo, hata mlima una tawi lake la pembeni.) Njia ni nyingi na kila mpandaji amechagua yake kwa hiari, lakini hakuna aliyelazimika kujenga kilele kipya kwa kila geti.

Kwenye video, Stella Point ni tukio ambalo hadithi haiwezi kulikwepa. Kila uamuzi unaleta vipande viwili tofauti, kisha kipande kimoja cha pamoja kinachoishia kwenye uamuzi unaofuata. Kwa chaguo kumi: kipande 1 cha mwanzo, 20 vya matawi, 10 vya makutano. Jumla 31. Na hapa ndipo penye uzuri wake: idadi ya njia haijapungua hata moja. Mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi bado ni 1,024.

Mbinu hii ilitangulia intaneti. Mwaka 1967, kwenye maonesho ya dunia ya Montreal nchini Kanada, banda la Chekoslovakia lilionesha Kinoautomat, filamu iliyobuniwa na Radúz Činčera. Kila kiti kilikuwa na kitufe chekundu na cha kijani. Filamu ilisimama, watu wakapiga kura, walio wengi wakashinda. Projekta mbili zilikwenda sambamba, na fundi aliziba lenzi ya ile iliyoshindwa. Kura iende huku au kule, hadithi ilirudi kwenye makutano yaleyale.

Makutano peke yake hayatoshi, maana mtazamaji akigundua kwamba chaguo lake limesahaulika atajiona amedanganywa. Aliyepanda kwa Marangu alilala vibandani, wenzake walilala kwenye mahema. Kileleni wote wako mahali pamoja, lakini wana ya kusimulia tofauti. Programu ya kuchezea video hufanya vivyo hivyo. Inaweka alama ndogo isiyoonekana, kwa mfano "alichukua bodaboda: ndiyo". Vipande vitano baadaye inaisoma alama hiyo na kuamua icheze toleo lipi la jibu la mama wa kijana.

Kazi ngumu iko kwenye kuunganisha. Tuseme kwenye tawi la bodaboda kijana amerushiwa tope kwenye suruali. Tukio la stendi ni la wote, hivyo suruali yake haiwezi kuwa na tope wala kuonekana safi mno. Mpiga picha anamchukua kuanzia kifuani kwenda juu. Mpiga debe akisema, "Umechelewa, dogo! Arusha bado mmoja!" maneno hayo yanafaa matawi yote mawili. Akiuliza tope limetoka wapi, tukio zima limeharibika. Na mlima nao una lake: asubuhi mara nyingi uko wazi, mchana mawingu yanaufunika. Ukirekodi daladala saa moja asubuhi na bodaboda saa saba mchana huku mlima ukionekana nyuma, tukio la makutano litapingana na mojawapo.

Ile saa anayoitazama kijana nayo ina kazi. Kwa sekunde kumi hivi za kuchagua, video iliyotengenezwa vizuri inapakua mwanzo wa matawi yote mawili ili hadithi isikwame. Tawi lisilochaguliwa nalo linakula bando, kwa hiyo inafaa kupakua sekunde chache tu.

YouTube haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kila tawi huko ni video inayojitegemea. Viungo vya zamani vilivyowekwa juu ya picha viliondolewa kabisa Januari 15, 2019, na hadithi nyingi zilizovitegemea zikakatika. Leo unatumia skrini ya mwisho: sekunde 5 hadi 20 za mwisho wa video, zenye vitu vya kugusa, kama viungo vya video nyingine, visivyozidi vinne. Anayetaka uhuru zaidi anaweza kupanga hadithi kwa Twine, programu ya bure inayotoa faili la kufunguliwa kwenye kivinjari. Ukiliweka kwenye flashi pamoja na vipande vyako 31, linachezeka hata darasani Himo au Usa River pasipo intaneti.