Epuka, hama, boresha: dhana ya kupunguza hewa ukaa ya usafiri mijini

Usafiri hutoa karibu robo ya kaboni dioksidi yote inayotokana na matumizi ya nishati duniani, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka barabarani. Wapangaji wa miji wanapotafuta namna ya kuipunguza, wengi hufuata hatua tatu: epuka, hama, boresha. Dhana hii ilianzia Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kuepuka hakumaanishi kumzuia mtu kutoka nyumbani. Maana yake ni kuweka shule, soko, zahanati na ajira karibu na makazi, ili safari iwe fupi au isihitajike kabisa. Kanuni za ardhi zinazotenga makazi upande huu na kazi upande ule huwa zimeshaamua moshi utakuwa kiasi gani hata kabla gari halijawashwa.

Kuhama ni kuzitoa safari zilizobaki kwenye gari binafsi na kuzipeleka kwenye miguu, baiskeli, basi au treni. Hapa viongozi wengi hukimbilia kampeni za kuhamasisha, ilhali mtu anayeogopa kugongwa hapandi baiskeli kwa kuhubiriwa. Jiji la Sevilla, Hispania, lilianza mwaka 2006 kujenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari, na ndani ya miaka michache safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa. Siri ilikuwa kuziunganisha njia hizo kwa mkupuo, kwani kipande kinachokatikia kwenye makutano yenye hatari hakimfikishi mtu popote. Upande wa pili, ambao wanasiasa huukwepa, ni kuyabana magari: London ilianza kutoza ada ya kuingia katikati ya jiji Februari 2003, na Stockholm ikaifanya tozo yake kuwa ya kudumu mwaka 2007. Jiji linalojenga njia za baiskeli huku likipanua barabara kuu linajipinga lenyewe, maana barabara pana huvuta magari zaidi.

Kuboresha, yaani injini safi na magari ya umeme, huja mwisho kwa sababu gari la umeme hukaa foleni ileile.

Mpangilio huu, hata hivyo, si ratiba ya utekelezaji. Kusogeza makazi na kazi karibu huchukua miongo. Njia ya baiskeli inaweza kukamilika ndani ya miezi, kwa hiyo kazi hizo mbili huanza pamoja.