Mtaji usiowekeka rehani

Mkulima wa nyanya katoka duka la pembejeo na chupa ya dawa ya wadudu. Kibandiko kinasema mililita 40 kwa lita 20 za maji. Bomba lake la mgongoni ni la lita 16. Aliyeshika hesabu za uwiano tangu shule ya msingi anapima mililita 32 na kuendelea na kazi. Asiyezishika anakadiria kwa kifuniko: ikizidi, majani yanaungua, ikipungua, wadudu wanabaki na hela imeshakwenda. Bomba ni moja, dawa ni moja. Kinachotofautiana kimo kichwani mwa mpigaji dawa, na hicho ndicho wachumi wanachokiita mtaji watu. (Si ile "rasilimali watu" ya ofisini inayoshughulika na likizo na barua za onyo.)

Kwa nini kiitwe mtaji? Kwa sababu unatoa leo ili uvune kesho, tena kwa miaka mingi, na usipoutumia unachakaa. Theodore Schultz, mchumi wa kilimo wa Marekani, aliitetea hoja hii katika makala ya mwaka 1961. Gary Becker akaijengea hesabu zake mwaka 1964. Wote wawili baadaye walipata Nobel. Lakini neno lenyewe liliwakera wengi, maana kumwita binadamu mtaji kunanukia soko la watumwa. Schultz aliijua kero hiyo. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu anayewekeza ndani yake mwenyewe anajiongezea uwanja wa kuchagua.

Gharama ya mtaji huu, watu huihesabu nusu. Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na wengi wakasema elimu sasa ni bure. Kwa mchumi si bure. Binti wa miaka 16 aliyeko darasani hayuko shambani wala hauzi gengeni, na kipato hicho kilichoachwa ni sehemu ya bei ya shule. Mzazi maskini anaisikia bei hiyo kuliko mtu yeyote, hata kama hajawahi kuiandika popote.

Faida nayo ina ubishi. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alionyesha kuwa huenda shule isikuongezee ujuzi wowote na bado ikakulipa, kwa kuwa cheti kinamwambia mwajiri kwamba wewe ni mtu wa kuweza. Basi mshahara unalipa kilichomo kichwani, au karatasi?

Swali hilo lilipimwa hapa kwetu. Wachumi John Knight na Richard Sabot walitumia takwimu za wafanyakazi wa Nairobi na Dar es Salaam zilizokusanywa mwaka 1980. Wafanyakazi walipewa mtihani wa kusoma na hesabu, na mwingine wa akili ya kuzaliwa, ule wa kukamilisha michoro. Akili ya kuzaliwa peke yake ililipa kidogo sana. Kilicholipa hasa ni kujua kusoma na kuhesabu. Miaka ya darasani, ukiiondolea ujuzi huo, ilipungua uzito. Mimi hapo naona pigo kwa tabia yetu ya kusifia idadi ya walioandikishwa bila kuuliza wangapi wanaweza kukisoma kile kibandiko cha dawa.

Kuna jambo moja linaloutenga mtaji huu na mingine. Shamba unaliweka rehani, hata bodaboda. Stashahada ya uuguzi haiwekeki: mkopaji akikwama, benki haiwezi kumnyang'anya alichosoma. Ndiyo maana benki hazimkimbilii mwanafunzi, na serikali huingia kati, kama Tanzania ilivyounda kwa sheria ya mwaka 2004 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo marejesho yake hukatwa kwenye mshahara. Na nesi akipata kazi Uingereza, mtaji wote unapanda naye ndege, wala forodha hawaulizi.