Gavana hakutangaza hali ya hatari

Mama mdogo alipiga simu kutoka Tanga, kwao saa tano usiku, huku kwetu Houston, Texas, bado mchana. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia. "Mwanangu, nimesikia redioni gavana wenu katangaza hali ya hatari. Mnaruhusiwa kutoka nje?" Nilikuwa dukani, kwenye foleni, na maboksi mawili ya maji ya kunywa na mkate. Nikamwambia shikamoo kwanza, halafu nikamwambia tunatoka, na kwamba hakuna askari mlangoni. Hakuniamini mpaka nilipompelekea picha ya foleni.

Simfichi mtu: hiyo ilikuwa simu ya tatu au ya nne ya namna hiyo, na uvumilivu wangu una mwisho. Kila kimbunga kikitajwa kwenye Ghuba ya Meksiko, habari za Kiswahili hutuletea "hali ya hatari". Gavana hakutangaza hali ya hatari. Alitoa tamko la maafa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kama tofauti ya cheti cha daktari na hati ya kukamatwa.

Maana yenyewe nitaisema upesi. Kila jimbo la Marekani lina chombo kinachoratibu mambo ya maafa kabla hayajatokea, yanapotokea na baada ya kutokea: kupanga, kufundisha watu, kupokea maombi ya msaada na kupeleka msaada unakotakiwa, kisha kufuatilia fedha za kujenga upya. Hapa Texas ni Idara ya Usimamizi wa Dharura, TDEM kwa kifupi. Si kikosi cha zimamoto, si polisi, si jeshi. Husimamia. Na kusimamia, kama neno lenyewe linavyoonyesha, ni kusimama juu ya kazi ya wengine ukihakikisha inakwenda. Msimamizi wa ujenzi habebi tofali. Basi.

Sasa tuje kwenye dharura, maana hapo ndipo mkorogo unapoanzia.

Neno tumelitoa kwenye Kiarabu, na ndugu zake tunao nyumbani bila kuwatambua: dhara, madhara, kudhuru. Mzizi ni mmoja, nao unahusu kuumia. Lakini dharura yenyewe hata kwa Waarabu haimaanishi ajali wala balaa. Maana yake ni ulazima, ule unaokubana mpaka huna njia nyingine. Waliosoma fikihi, yaani sheria za Kiislamu, huko pwani wanaijua kanuni kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa: mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa kula mzoga. Wanajua pia kanuni inayoifuata, ambayo watu huisahau, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Ukishapata chakula halali, mzoga unarudi kuwa haramu. Hata ofisini kwetu neno limebaki na maana hiyo. Mtu akimwambia bosi "nimepata dharura", hasemi tu kwamba kuna msiba. Anaomba aruhusiwe jambo ambalo siku ya kawaida haliruhusiwi, yaani kuondoka saa nne asubuhi.

Wazungu neno lao limetoka kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kuibuka, kama kitu kinachochomoza kutoka majini. Wao wanaangalia kilichotokea. Sisi tunaangalia kilichotubana. Nadhani sisi tuna neno bora, walau kwa kazi hii, kwa sababu tamko la gavana ndivyo lilivyo hasa: ruhusa ya kufanya yasiyoruhusiwa, kwa kadiri na kwa muda.

Maafa nayo ni Kiarabu, kutoka neno la pigo au tauni inayoharibu mazao na watu. Huku Marekani neno hili limepata maisha mengine. Msomi Marimba Ani alilichukua kutoka Kiswahili na kuliita Maafa lile pigo la biashara ya utumwa, na New Orleans kuna kumbukumbu ya kila mwaka kwa jina hilohilo. Jirani yangu Mmarekani mweusi alishangaa kusikia kwamba sisi tunalitumia hata kwa mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam. Nikamwambia hata kwa nzige.

Lakini hali ya hatari ni kitu kingine kabisa, tena kizito. Kwa Mtanzania iko kwenye Katiba, ibara ya 32: Rais ndiye anayeweza kuitangaza, na ibara ya 31 inaruhusu, wakati huo, baadhi ya haki kuguswa. Kwa Mkenya mwenye umri ni kitu cha kumbukumbu ya mwili. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana wa kikoloni Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na haikuondolewa mpaka 1960. Katikati hapo kulikuwa na kambi, vipande, vijiji vya kulazimishwa na watu kunyongwa. Sasa mwambie mzee wa Nyeri kwamba gavana ametangaza hali ya hatari, uone atakachokifikiria. Hatafikiria mtu anayenunua maji dukani.

Na usidhani Texas haina kitu kinachofanana. Inacho, ila kimewekwa mahali pengine. Sheria ya serikali ya jimbo ina sura ya 418, iliyotokana na Sheria ya Maafa ya Texas ya mwaka 1975, na ina sura ya 433, inayozungumzia kitu kilicho karibu zaidi na hali ya hatari yetu: ghasia, mikusanyiko haramu, amri za kutotembea. Wanaposikia kimbunga kinakuja, wanafungua 418. Mtangazaji wetu anatafsiri kana kwamba wamefungua 433.

Chini ya sura ya 418 gavana anaweza kusimamisha kwa muda kanuni zinazochelewesha kazi, kama taratibu za manunuzi ambazo siku ya kawaida zingechukua wiki kadhaa. Tamko pia huwasha sheria nyingine iliyolala, ile inayomzuia muuzaji kupandisha bei ya petroli au chumba cha hoteli kwa sababu watu wamebanwa. Kwa hiyo nilipokuwa kwenye foleni ile, tamko lilikuwa linanilinda mimi dhidi ya mwenye duka, si kunizuia kufika dukani. Na kadiri ile ya wanafikihi ipo pia: tamko la gavana hukoma baada ya siku 30 asipoliongeza, na la ngazi ya kaunti hukoma baada ya siku 7 baraza lao lisipokubali liendelee.

Wala tamko halisubiri maafa yafike. Kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport usiku wa tarehe 25 Agosti 2017. Gavana Greg Abbott alikuwa ametoa tamko siku mbili kabla, kwa kaunti 30. Februari 2021, ilipokuja ile baridi kali iliyokata umeme kwa mamilioni ya watu, alitoa tamko kwa kaunti zote 254 kabla barafu haijakaza. Ukisikia tamko bila kusikia vifo, basi, usiseme redio imeficha kitu. Huenda mvua bado haijanyesha.

Hapo kwenye kaunti pana shimo lingine, na hili linawaangusha zaidi ndugu zangu Wakenya. Tangu Katiba ya 2010 Mkenya akisikia "gavana" anamwona mkuu wa kaunti, mmoja kati ya 47. Texas gavana ni wa jimbo zima, na kaunti zake zinaongozwa na mtu ambaye kwa Kiingereza cha hapa cheo chake kina neno la jaji. Ndiyo maana utasoma kwa Kiswahili kwamba "jaji ameamuru watu wahame", ukadhani kuna kesi mahakamani na mtu amepewa siku saba kutoa vyombo. Si jaji wa joho. Ni mtu aliyechaguliwa kwa kura, anayeongoza baraza la makamishna wa kaunti, na kwa sheria yeye, pamoja na meya katika mji wake, ndiye mkurugenzi wa usimamizi wa dharura katika eneo lake. Kaunti nyingi ndogo hazina mtu mwingine wa kazi hiyo isipokuwa mratibu mmoja, ambaye wakati mwingine ana kazi nyingine ya mchana.

Na huyo mkuu wa kaunti, nasema kwa msisitizo, kuna jambo moja ana nguvu nalo kuliko gavana. Sheria inasema gavana anaweza kupendekeza watu wahame. Mkuu wa kaunti au meya ndiye anayeweza kuamuru. Wakati wa Harvey, Abbott aliwaambia watu wa Houston wafikirie kuondoka; Meya Sylvester Turner na mkuu wa Kaunti ya Harris, Ed Emmett, wakasema bakini nyumbani. Watu wengi waliona ni fujo, serikali mbili zinazopingana. Kisheria kila mtu alikuwa amesema alichoruhusiwa kusema. (Kama ushauri ulikuwa sahihi ni mjadala mwingine, na Houston bado unawaka. Kumbuka tu kwamba 2005, watu walipokikimbia Kimbunga Rita, wengi walikufa barabarani kwenye msongamano wa magari na joto, si kwa upepo.)

Msaada huombwa kutoka chini kwenda juu. Mji ukizidiwa unaiambia kaunti. Kaunti ikizidiwa inapeleka ombi wilaya ya maafa, ambako kwa desturi mwenyekiti ni ofisa wa polisi wa barabara kuu. Wilaya ikishindwa, ombi linafika chumba cha operesheni cha jimbo, Austin. Hapo TDEM inauliza nani ana mashua, nani ana jenereta, nani ana mabasi. Mashua si zake. Ni za idara ya wanyamapori, za Walinzi wa Taifa (jeshi la akiba la jimbo), za mji jirani, au za jimbo jingine kupitia mkataba wa kusaidiana ambao Bunge la Marekani liliuridhia 1996.

Idara hiyo inakaa wapi? Hapa majimbo hayafanani hata kidogo, na ukimwona mtu anasema "Wamarekani wanafanya hivi", muulize wapi. Florida imeiweka kwenye ofisi ya gavana. Minnesota iko chini ya wizara ya usalama wa umma, pamoja na polisi. Jimbo la Washington limeipeleka kwenye idara ya kijeshi. Texas nayo ilikuwa chini ya polisi wa jimbo, mpaka tarehe 1 Septemba 2019 ilipohamishiwa, usicheke, chuo kikuu. Ni mfumo wa vyuo wa Texas A&M, na mkuu wa TDEM, Nim Kidd, zimamoto wa zamani wa San Antonio, akawa pia naibu chansela.

Mimi nilicheka niliposikia. Kisha nikatazama kilichokuwa tayari ndani ya A&M: idara ya misitu inayopambana na moto wa nyika jimbo zima, mabwana shamba walioenea karibu kila kaunti na wanaojua ng'ombe wa nani wamezama wapi, na kikosi cha uokoaji cha Task Force 1 chenye mbwa na mashua. Baada ya Harvey, kazi ya kujenga upya ilikabidhiwa John Sharp, wakati huo chansela wa mfumo huohuo. Kwa hiyo chuo kilikuwa kimeshaifanya nusu ya kazi kabla hakijapewa kibao cha mlangoni.

FEMA? Hiyo ni idara ya dharura ya serikali kuu, iliundwa 1979 enzi za Rais Carter, na haiji kwa sababu imeona maji kwenye televisheni. Gavana lazima aombe, Rais akubali, na hapo hulipa sehemu kubwa ya gharama zinazostahili, kwa kawaida si chini ya asilimia 75. Mtu akisema "FEMA ya Texas", amechanganya nyumba mbili zenye milango tofauti, na jirani zangu Wakongo wa mtaa wa pili walipoteza wiki nzima wakigonga mlango usio wao baada ya maji kuingia sebuleni.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sikuombi ujue sura ya 418. Andika "gavana ametoa tamko la maafa kwa kaunti kadhaa", uongeze siku ngapi kama una nafasi. Yule anayeamuru watu wahame mwite mkuu wa kaunti. Hali ya hatari iachie ibara ya 32, isije ikachakaa siku tutakapoihitaji kweli. Na habari isomwe kabla ya saa tatu usiku, maana mama mdogo akishalala na wasiwasi presha hupanda.