Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha China: Dhana Potofu na Ukweli

Xi Jinping alipotua Dar es Salaam tarehe 24 Machi 2013, alipokewa kwa heshima zote anazostahili mkuu wa nchi, na magazeti yakamwandika kama Rais wa China. Urais huo alikuwa ameupata siku kumi tu kabla ya hapo. Wadhifa uliomfanya kuwa mtu wa kwanza nchini mwake, yaani ukatibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha China, alikuwa ameushika tangu tarehe 15 Novemba 2012. Kwa kuwa vyeo vyote viwili viko mikononi mwa mtu mmoja, wengi wetu tumezoea kutaja kile kidogo na kukisahau kile kikubwa, na kutokana na mazoea hayo zimeota dhana kadhaa ambazo si sahihi.

Kwamba madaraka makuu ya China yamo katika urais

Katiba ya nchi ya 1982 ilipourejesha urais, iliurejesha ukiwa na kazi za heshima zaidi kuliko za utawala: kutangaza sheria zilizopitishwa na Bunge la Umma, kupokea mabalozi, na kuiwakilisha nchi mbele ya mataifa mengine. Li Xiannian, aliyekuwa Rais kuanzia 1983 hadi 1988, na Yang Shangkun, aliyemfuata hadi 1993, hawakuwahi kuwa makatibu wakuu wa chama. Yang alikuwa na sauti nzito, lakini sauti hiyo ilitokana na nafasi yake ndani ya Kamati Kuu ya Kijeshi, chombo kinacholiongoza jeshi. Ni Jiang Zemin, ambaye tayari alikuwa Katibu Mkuu, aliyeuunganisha urais na uongozi wa chama mwezi Machi 1993, na utaratibu huo ukaendelea kwa Hu Jintao na kwa Xi.

Dhana hii ndiyo iliyozaa kosa la 2018. Tarehe 11 Machi mwaka huo Bunge la Umma lilibadilisha katiba kwa kura 2,958 za ndiyo dhidi ya 2 za hapana, na habari zikaenea kwamba ukomo wa uongozi wa Xi umeondolewa. Kilichofutwa ni sharti la vipindi viwili kwa Rais na Makamu wake tu. Ukatibu mkuu haukuwa na ukomo wa vipindi kabla ya kura ile, kwa sababu katiba ya chama haijaweka idadi ya vipindi kwa wadhifa huo. Inasema tu kwamba vyeo vya viongozi si vya maisha. Kilichokuwapo ni desturi isiyoandikwa, iliyoshika mizizi tangu 2002, kwamba mwenye umri wa miaka 68 au zaidi wakati wa Mkutano Mkuu wa chama hachaguliwi tena kuingia katika ngazi ya juu. Oktoba 2022 Xi alikuwa na miaka 69, na akachaguliwa kwa kipindi cha tatu. Anayetaka kujua ni kizuizi gani hasa kilichoondoka aitazame desturi hiyo, kwa sababu kura ya 2018 iligusa wadhifa ambao mtu angeweza kuukosa na bado akaitawala China.

Kwamba katibu ni mtendaji tu, na juu yake lazima yupo mwenyekiti

Kwa msomaji wa Tanzania, dhana hii ina sababu zake. Ndani ya CCM kiongozi mkuu ni Mwenyekiti, na Katibu Mkuu ndiye mtendaji anayesimamia shughuli za chama chini yake. China nayo ilipitia mpangilio wa namna hiyo: kuanzia 1956, Mao Zedong akiwa Mwenyekiti, Deng Xiaoping alikuwa Katibu Mkuu anayeongoza Sekretarieti, hadi alipoangushwa katika Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya aliowaona wapinzani wake. Mao alikufa Septemba 1976 akiwa bado Mwenyekiti. Hua Guofeng alikirithi kiti hicho, kisha akakishika Hu Yaobang mwaka 1981, na Mkutano Mkuu wa 12 wa Septemba 1982 ukakifuta kabisa. Tangu hapo hakuna cheo cha chama kilicho juu ya Katibu Mkuu.

Waliokifuta walikuwa na kumbukumbu chungu ya mtu mmoja kujilimbikizia mamlaka. Mwaka 1943 Mao alikuwa amepewa kauli ya mwisho ndani ya Sekretarieti, ilhali katiba ya chama ya 1982 ilimpa Katibu Mkuu kazi ya kuitisha vikao vya Ofisi ya Siasa (Politburo), yaani kundi la viongozi wa juu wa chama, na vya Kamati yake ya Kudumu iliyo ndogo zaidi, na kusimamia kazi za Sekretarieti. Anayeitisha kikao hajapewa, kwa maandishi, haki ya kuwapita wenzake.

Kwamba kila aliyekikalia kiti hicho alikuwa mtawala halisi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu miaka ya 1980 inaeleza wadhifa huu kuliko kipindi kingine chochote. Katika muongo huo wote mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini China alikuwa Deng Xiaoping, naye hakuwa Katibu Mkuu, wala Rais, wala Waziri Mkuu. Alichokishikilia hadi Novemba 1989 ni uenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi. Jeshi la Ukombozi wa Umma ni jeshi la chama, na anayeongoza kamati hiyo ndiye anayeliamrisha.

Tarehe 16 Mei 1989, wanafunzi wakiwa wamefurika katika uwanja wa Tiananmen, Katibu Mkuu Zhao Ziyang alikutana na Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, mjini Beijing. Akamweleza, mbele ya kamera, kwamba tangu 1987 viongozi wa chama walikuwa wamekubaliana kuwa katika masuala makubwa bado wanamhitaji Deng. Yaani mwenye cheo cha juu kabisa alikiri hadharani kwamba uamuzi wa mwisho haukuwa wake. Mwezi uliofuata alivuliwa wadhifa, na akaishi katika kizuizi cha nyumbani hadi alipofariki Januari 2005.

Hata baada ya Deng, kiti na jeshi havikwenda pamoja kila mara. Hu Jintao alikuwa Katibu Mkuu kuanzia Novemba 2002, lakini Jiang aliendelea kuongoza Kamati ya Kijeshi ya chama hadi Septemba 2004. Xi alikabidhiwa vyote viwili siku moja, jambo ambalo naamini limechangia nguvu zake kuliko inavyosemwa kwa kawaida.

Kwamba Kamati Kuu humchagua na kumwondoa kama ilivyoandikwa

Kwa mujibu wa katiba ya chama, Mkutano Mkuu hukutana kila baada ya miaka mitano na kuichagua Kamati Kuu, ambayo mwaka 2022 ilikuwa na wajumbe kamili 205. Kamati hiyo ndiyo humchagua Katibu Mkuu, na lazima atoke miongoni mwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Ofisi ya Siasa. Maandishi hayo yanafuatwa, lakini mara nyingi yanafuata nyuma ya uamuzi uliokwisha kufanyika. Jiang Zemin, aliyekuwa katibu wa chama wa Shanghai, alikuwa amekwisha kuteuliwa na Deng pamoja na wazee wenzake kabla Kamati Kuu haijaketi kumchagua Juni 1989. Hu Yaobang, aliyekuwa Katibu Mkuu kabla ya Zhao, alilazimishwa kujiuzulu tarehe 16 Januari 1987 katika kikao cha Ofisi ya Siasa kilichopanuliwa kwa kuwajumuisha wazee wa chama. Kamati Kuu, yenye haki ya kuamua jambo hilo, iliuthibitisha uamuzi huo mwezi Oktoba.