Presha kwa watoto: yanayosemwa na yalivyo

"Presha ni ugonjwa wa wazee."
Watoto nao huipata, tena wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Mtoto anacheza, anakula, analala vizuri, kwa hiyo hakuna anayewaza kumpima. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, uliotolewa mwaka 2017, unataka mtoto apimwe presha kila mwaka kuanzia umri wa miaka 3.

"120 kwa 80 ni salama kwa kila mtu."
Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na hata watu waliosoma huliamini. Presha ya kawaida hupanda kadiri mtoto anavyokua na kurefuka, kwa hiyo kabla ya miaka 13 namba peke yake haina maana. Husomwa kwenye jedwali linaloangalia umri, jinsia na kimo. Watoto wawili wa miaka 9 wanaweza kutoa jibu lilelile, likawa la kawaida kwa aliye mrefu na la kutia shaka kwa aliye mfupi. Kwa mujibu wa mwongozo huohuo, mtoto wa miaka 7 akifikisha 106 kwa namba ya juu (ile inayotajwa kwanza), au 68 kwa ile ya chini, anastahili kuchunguzwa zaidi. Akiwa na 120 kwa 80, ameshavuka mpaka huo kwa mbali.

Kuanzia miaka 13, kwa mwongozo huohuo, vipimo hufanana na vya watu wazima wa Marekani: 130 juu, au 80 chini, ni presha. Kwa hiyo hata kijana hapaswi kupongezwa kwa 120 kwa 80.

"Mnene ana presha, mwembamba hana."
Unene huongeza hatari, hilo halina ubishi. Lakini watoto wanene wengi wana presha ya kawaida, na wembamba wengine wanayo, kwa sababu ya figo au mshipa mkuu wa damu uliobana tangu kuzaliwa. Kwa mtoto mdogo mwenye presha ya juu sana, daktari mzuri huanza kuziulizia figo hata kama mtoto ni mwembamba. Waliozaliwa na uzito mdogo nao wanahitaji kufuatiliwa. Umbo linatuambia nani wa kumwangalia kwa karibu. Presha yenyewe huonekana kwenye mashine tu.

"Uzito ukigawanywa kwa kimo, jibu la 19 ni zuri."
Kilo zikigawanywa kwa mita za kimo zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, jibu la 19 ni zuri kwa mtu mzima na kwa kijana wa miaka 15. Kwa mvulana wa miaka 6, jibu hilohilo ni unene wa kupindukia kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Vikokotoo vya simu vilivyotengenezwa kwa watu wazima havifai hapa.

"Kiuno cha mtoto hakipimwi."
Kinapimwa, na ni kipimo rahisi kuliko vyote. Mafuta yanayojikusanya tumboni yana madhara zaidi kuliko yale ya mapajani, na mizani haiwezi kuyatofautisha. Zungusha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtoto akishatoa pumzi kawaida, bila kubana. Kiuno kibaki chini ya nusu ya kimo: mwenye sentimita 150 asifikie 75. Kanuni hii huwafaa walio na umri wa shule. Kwa wachanga iache.

"Mashine ikisema ni juu, mtoto ana presha."
Si kwa siku moja. Presha huthibitishwa ikiwa juu katika ziara tatu tofauti, maana woga wa koti jeupe la daktari pekee unaweza kuipandisha. Wengine huvishwa kifaa kinachopima saa 24. Mkanda wa mashine nao hudanganya: ukiwa mdogo kwa mkono mnene, jibu hupanda bure; ukiwa mkubwa kwa mkono mwembamba, hushuka na kuficha tatizo. Mtoto akae kimya dakika 3 hadi 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, na apimwe mkono wa kulia. Ule mshipa mkuu ukiwa umebana, mkono wa kushoto unaweza kutoa jibu la chini lisilo la kweli.